Wazazi waliachana nikiwa darasa la tatu, sasa nataka kuoa nimeingiwa na uoga. Ushauri wakuu

Mchungwa: Wakuu, habari za jioni. Nina miaka 31, naishi Nkuhungu hapa Dodoma. Wazazi walipoachana mama alirudi kwao Mpwapwa, mimi nikabaki kwa baba na mama wa kambo. Tangu siku hiyo hawajasalimiana. Ada, homa, matokeo ya mtihani, vyote mimi ndiye nilivipeleka huku na kule.

Mahari nimeshamaliza. Lakini mwenzangu akinuna kidogo tu, moyoni nishafungasha begi. Juzi tumebishana habari ya ukumbi, nikazima simu siku mbili. Usingizi sipati, na mafua hayanibanduki. Ni mambo ya utotoni au natafuta kisingizio?

Nyundo: Huo uoga wa michango ya harusi, usimsingizie mzee wako 😂

Mama Wawili: Nyundo, utani una mahali pake. Mdogo wangu, pole. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, walitoa matokeo yao: watu wazima 201 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani, wakatengwa siku tano. Ambao wazazi wao walitengana utotoni wakawa hawasemezani, uwezekano wa kuugua ulizidi mara tatu ukilinganisha na waliolelewa na wazazi walioishi pamoja. Wale ambao wazazi walitengana lakini wakaendelea kuwasiliana? Hawakuongezewa hatari yoyote. Sisemi mafua yako yametoka huko. Ila mimi nimeachika, na tangu niisome hiyo, kila Jumapili nampigia baba watoto tuongee habari za shule, hata koo likiwa linawaka.

Mzee wa Kibaigwa: Kijana, mwambie mchumba mapema kwamba ukikasirika unatoroka. Mimi sikusema, mke wangu akajua nina mtu Kondoa! Na usingizi ukiendelea kukataa, nenda Mirembe ukaongee na wataalamu. Tunaitania tu hospitali ile, hata wazima wa akili zao wanahudumiwa.

Mchungwa: Shikamoo mzee. Nimemsomea mwenzangu, kufika hapo pa Kondoa kacheka mpaka machozi. Kasema siku nyingine nizime simu, ila niage kwanza. Sasa baba na mama ukumbini nawakalisha wapi?

Mama Wawili: Meza moja. Shangazi akae katikati.

Nyundo: Na mama wa kambo?

Mama Wawili: Nyundo!