Mjadala: Kenya kujitoa Karatu, kosa ni la nani?

Wadau, naomba tulijadili hili bila matusi. Kila Watanzania na Wakenya wakianza kubishana soka, Karatu lazima itajwe, halafu mazungumzo yanahamia kwenye ugali na Kilimanjaro na jambo lenyewe linaachwa pale pale.

Kwa ambao hawakufuatilia: Julai 2025, zikiwa zimebaki kama wiki mbili michuano ya Afrika ya CHAN ianze, CECAFA, baraza la soka la Afrika Mashariki na Kati, iliandaa mashindano mafupi pale Black Rhino Academy, Karatu. Tanzania, Kenya na Uganda, wenyeji watatu wa CHAN, na Senegal kama mgeni mwalikwa. Mashindano yakiwa mlangoni, FKF, shirikisho la soka la Kenya, ikatangaza kuwa timu yake ya taifa, Harambee Stars, imejitoa. Ikasema ni uamuzi wa benchi la ufundi chini ya kocha Benni McCarthy, ambalo halikuridhishwa na mazingira ya kule. Zikabaki timu tatu.

Upande wa huku kwetu hukumu ilitoka hapo hapo: dharau. Jirani anajiona, anatukimbia, uwanja gani huo anaoutaka wakati wake mwenyewe ulikuwa kwenye ukarabati miaka nenda rudi. Upande wa pili wakajibu kwamba kocha ndiye anayejua timu yake inahitaji nini, na hakuna sheria ya kumlazimisha mtu kucheza bonanza.

Mimi ni Mtanzania, na kwenye hilo la dharau nasimama na McCarthy. CHAN ni ya wachezaji wa ligi za ndani tu. Winga wako akiumia goti Karatu huna wa kumpigia simu Ulaya aje kuziba pengo. Kocha aliyeona hatari akaondoa vijana wake katimiza kazi anayolipwa. Na wale wanaosema Kenya ilikimbia baridi na mwinuko, jamani, Karatu na Nairobi zote ziko nyanda za juu. Ingekuwa suala la hewa, sisi ndio tuliotakiwa kulalamika, maana mechi zetu za makundi zilikuwa Dar, kwenye joto la Uwanja wa Mkapa.

Halafu tazama kilichofuata. Kenya iliyojitoa ilikusanya pointi 10 kwenye kundi lenye Morocco, DR Congo, Angola na Zambia. Morocco yenyewe ilipigwa 1-0 Kasarani, bao la Ryan Ogam, tena Kenya wakiwa pungufu uwanjani. Tanzania tuliocheza Karatu tukapata pointi 10 pia. Tarehe 22 Agosti wote wawili tukatolewa robo fainali: wao kwa penalti na Madagascar, sisi 1-0 na Morocco, waliokuja kuwa mabingwa. Kwa hiyo aliyekwenda Karatu na aliyegoma walifika kituo kimoja, siku moja. Wale wa "wangecheza wangejifunza" na wale wa "tulifanya vizuri kwa sababu hatukwenda", wote hoja zenu hazina miguu.

Ninapoachana na Wakenya ni kwenye muda. Kujitoa mapema ni uamuzi wa kiufundi. Kujitoa ratiba ikiwa imeshatoka, ni kama kuthibitisha unakuja kwenye shughuli ya mtu kisha ukatuma ujumbe wa kuomba radhi wakati pilau iko jikoni. Kama ni mazingira, hayo yanakaguliwa na watu wawili watatu wanaotangulia kabla timu haijakubali.

Ila tukiishia kwa Kenya tutakuwa tumeonea mtu mmoja. Januari ya mwaka ule ule wa 2025, Kombe la Mapinduzi la Zanzibar lilichezwa na timu za taifa, Gombani, Pemba. Uganda na Burundi walitarajiwa, hawakutokea. Mashindano yakaendelea na timu nne na timu ya Zanzibar, Zanzibar Heroes, wakabeba kombe kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Sikuona mjadala wa siku tatu kuhusu Uganda. Au kwa sababu sio Kenya?

Na hapa ndipo penye uchungu kwangu. Timu kubwa ikikacha mashindano ya kanda haipotezi kitu, ina kufuzu AFCON, ina kufuzu Kombe la Dunia. Zanzibar hawana. Sio wanachama wa FIFA. CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliwapa uanachama Machi 2017, miezi minne baadaye ikawanyang'anya. Dirisha lao ni Chalenji, yaani kombe la CECAFA la timu za taifa, na mashindano ya aina hii, basi. Walioiona Chalenji ya 2017 kule Kenya wanakumbuka: Heroes wakaifunga Tanzania Bara 2-1, wakaifunga Uganda 2-1 nusu fainali, kisha fainali Machakos wakasawazisha mara mbili mbele ya wenyeji, 2-2, hadi kipa wa Kenya, Patrick Matasi, alipowazima kwenye penalti. Unguja na Pemba hakulaliki. Kizazi kile kingeonekana wapi bila Chalenji?

Sasa Chalenji yenyewe iko wapi? 2016 haikuchezwa, 2018 haikuchezwa. 2019 ikachezwa Kampala, Uganda wakaifunga Eritrea 3-0 fainali, na tangu hapo hadi CHAN ya 2025 inaanza hapakuwa na nyingine ya wakubwa. Haya ni mashindano ambayo mizizi yake ni Kombe la Gossage la mwaka 1926. Sisi wenyewe 2010 tulijaa Uwanja wa Taifa kwenye fainali ya Chalenji kumwona Shadrack Nsajigwa akipiga penalti iliyoizamisha Ivory Coast. Leo CECAFA inaita timu kwa vijimashindano vya wiki moja vinavyozuka kwenye ratiba, halafu inashangaa mtu akisema haji.

Pendekezo langu ni hili. Chalenji irudi, iwe na tarehe yake isiyohama, kila nchi ithibitishe miezi mitatu kabla, na atakayejitoa baada ya hapo alipe gharama za mwenyeji na aukose mwaka unaofuata. Iwe hivyo kwa Kenya, kwa Uganda, na kwa Tanzania pia siku Simba na Yanga zitakapogoma kutoa wachezaji, maana siku hiyo itafika, tusijifanye.

Wanaomtetea McCarthy naomba mnijibu moja tu: sheria hii ingekuwepo Julai 2025, FKF ingelipa, au timu ingepanda basi kwenda Karatu?