Mama mdogo ana saratani hatua ya nne na hataki kurudi wodini: tumuuguzeje nyumbani?

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Mama mdogo ana saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari wamesema kilichobaki ni kumpunguzia maumivu, naye amegoma kulazwa tena. Anataka abaki kwake Mbagala hadi mwisho. Tuna morfini ya maji na karatasi ya maelekezo. Hanyanyuki kitandani, na uchafu unaomtoka una harufu kali. Tuanzie wapi?

Muuguzi wa tiba shufaa (huduma ya kutuliza maumivu kwa wagonjwa wasiopona)
Poleni sana. Anzeni na morfini, maana hapo ndipo nyumba nyingi hukwama. Nguvu yake hudumu kama saa nne tu, kwa hiyo hutolewa kwa saa, aumwe asiumwe: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, kisha saa 4 usiku dozi mara mbili (kama mmeandikiwa hivyo) ili alale mpaka kuche. Mkingoja alie ndipo mmpe, mtashinda mnayakimbiza maumivu.

Pimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai havilingani. Na someni lebo kila mnapopewa chupa mpya: ipo ya mg 5 kwa ml 5, ipo iliyo kali zaidi, na ml zilezile zinaweza kuwa dozi nyingine kabisa. Wekeni daftari: saa, kiasi, maumivu yalikuwaje. Dozi za ziada (za maumivu yanayozuka kati ya saa hizo) zikiwa nyingi, daftari hilo ndilo litakalomwongoza daktari kupandisha dozi.

Kichefuchefu na usingizi hupungua baada ya siku chache. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo bisakodili (dawa ya kulainisha choo) ianze siku moja na morfini. Hili husahauliwa sana, halafu watu wanadhani tumbo linauma kwa sababu ya saratani.

Mfamasia
Naongezea la figo. Saratani hii mara nyingi huziba mirija ya mkojo. Mkojo ukipungua, morfini hujikusanya mwilini: mgonjwa anashtukashtuka mikono, anaweweseka, anasinzia kupita kiasi. Pigeni simu dozi ipunguzwe au nafasi kati ya dozi iongezwe. Msiikate ghafla wenyewe. Akiwa haamshiki na anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, hiyo ni dharura. Na diklofenaki (vidonge vya maumivu) za duka la dawa acheni, zinaumiza figo hizohizo.

Kama faili lake liko Ocean Road, hospitali ya saratani, ongeeni na kitengo cha tiba shufaa mapema wiki. Chupa zina tabia ya kuisha Jumamosi usiku.

Mleta uzi
Asanteni mno. Harufu je? Na wajomba wanataka atundikiwe dripu kwa kuwa hali chakula.

Muuguzi wa tiba shufaa
Harufu inatokana na bakteria walio kwenye nyama iliyokufa, uturi hausaidii. Mwombeni daktari metronidazo, dawa ya kuua bakteria hao. Kwa kidonda cha nje, vidonge husagwa na kunyunyizwa baada ya kusafisha kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa yakapoa. Mkojo ukivuja, pakeni vaselini kwenye ngozi kabla haijachubuka. Wekeni karibu kanga za rangi nzito: damu ikitoka nyingi, kwenye shuka jeupe humtisha mgonjwa na nyumba nzima.

Mgeuzeni kila saa mbili. Watu wawili washike kanga iliyokunjwa chini ya kiuno, wanyanyue. Kumburuta kunachana ngozi. Mto uwe chini ya mashavu ya miguu, visigino vining'inie. Pakiwa pekundu pasisuguliwe.

Kuhusu dripu, wajomba waelezwe kwa upole: mwili unaozimika hauhitaji chakula kama zamani, na maji ya dripu huishia kuvimbisha miguu na kujaza kifua. Akitaka uji vijiko viwili, apewe viwili. Mdomo ulowanishwe kwa kitambaa safi mara kwa mara, midomo ipakwe vaselini. Akianza kukoroma kwa makohozi, mlazeni ubavu. Akishindwa kumeza, msimmiminie dawa mdomoni. Ulizeni namna nyingine ya kumpa.

Mleta uzi
Na akifia nyumbani, taratibu zikoje?

Mfamasia
Toeni taarifa serikali ya mtaa, mpate barua na kibali cha mazishi, kisha cheti cha kifo mfuatilie RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Karatasi za hospitali zikae pamoja tangu sasa. Morfini iliyobaki rudisheni mlikoichukua, hata jirani akiiomba kwa ajili ya mgonjwa wake.