Ushauri: mwanangu anataka kubadilishana kadi ya Paul Skenes, je, anapunjwa?

mama_wawili (Ohio)

Wadau, habari za jioni. Naomba msaada kwa mnaozijua kadi za besiboli. Kijana wangu ana miaka 11 na anakusanya wachezaji wanaocheza sasa hivi tu, hasa wa timu za Pirates na Dodgers. Ana kadi ya Paul Skenes, mrushaji wa Pirates, ya Topps Chrome Update ya 2024 (Topps ni kampuni ya kadi, Chrome ni seti zake zenye uso wa kung'aa). Ina alama ya RC (kadi ya ruki, yaani mchezaji mgeni wa ligi kuu), na ukiiinamisha kwenye mwanga inatoa rangi za upinde wa mvua. Haina namba ya kuhesabiwa popote.

Kuna mtu wa jimbo jingine anataka wabadilishane kwa posta. Anatoa Bowman Chrome (Bowman ni chapa ya Topps ya chipukizi) ya chipukizi wa ligi ndogo yenye saini na neno "1st", Juan Soto ya Topps 2019 anayosema ni ya ruki kwa sababu ina kikombe cha dhahabu, na kadi 12 za kawaida za Judge, Tatis, Witt na wenzao. Anadai ukijumlisha zote zinaizidi ile ya Skenes.

Je, ni haki? Kadi itumweje isiharibike? Na je, tuipeleke kwanza kupimwa gredi, yaani kupewa alama ya hali yake?

fundi_kadi

Dada, kabla ya bei, jueni mna kadi gani mkononi. Jina la mchezaji na mwaka havitoshi, maana Skenes mmoja wa 2024 anatoka kwenye Topps Update ya karatasi, Chrome Update, Bowman na nyingine nyingi, na kila moja ina rangi zake.

Igeuze. Tafuta namba ya kadi, kisha soma chini yake au pembeni yake. Kwenye Topps Chrome, rifrakta (toleo linalotoa rangi za upinde wa mvua) ya kawaida huandikwa neno REFRACTOR kwa herufi ndogo karibu na namba hiyo. Kama neno lipo, ni rifrakta. Kama halipo, usikate tamaa haraka wala usishangilie: Chrome ya kawaida nayo hung'aa kama kioo, na watu wengi huichanganya. Iweke chini ya taa moja, uiinamishe polepole. Ya kawaida hurudisha mwanga mweupe wa fedha, rifrakta hutembeza rangi kutoka ukingo mmoja hadi mwingine.

Kisha tafuta namba ya foili kama 23/50, yaani kadi ya 23 kati ya 50, mbele na nyuma. Kwenye Chrome zenye rangi ya dhahabu huwa 50, chungwa 25, nyekundu 5, na Superfractor ni moja tu duniani. Namba inayolingana na jezi ya mchezaji huongezewa thamani na wakusanyaji, yaani 30 kwa Skenes, 17 kwa Ohtani, 99 kwa Judge.

Kuhusu Soto: huyo mtu ama hajui ama anategemea ninyi hamjui. Kikombe cha dhahabu ni alama ya Topps kwa wachezaji waliochaguliwa kwenye timu yao ya maruki wa msimu uliopita. Kwa hiyo kadi yenye kikombe kwa kawaida ni ya mwaka wa PILI. Kadi ya ruki ya Soto kwenye seti kuu ya Topps ni US300 ya Topps Update 2018, seti ileile yenye Acuña US250 na Ohtani US1. Ya 2019 ni kadi nzuri kuiangalia, lakini si ya ruki, na bei yake ni sehemu ndogo sana ya ile. Alama rasmi ya ruki ni ngao ndogo yenye RC, inayotumika tangu 2006.

BintiPwani

Naongezea hapo kwenye "1st". Neno hilo la Bowman maana yake ni kadi ya kwanza ya Bowman ya mchezaji huyo, na mara nyingi hutoka miaka kadhaa kabla hajagusa ligi kuu. Siyo RC. RC hutolewa baada ya kufika ligi kuu. Zote mbili zina wapenzi wake, na kwa chipukizi aliyekuja kuwa nyota ile ya "1st" yenye saini ndiyo hupanda zaidi: Superfractor ya Mike Trout ya Bowman Chrome Draft 2009 iliuzwa zaidi ya dola milioni 3.9 mwaka 2020. Lakini kwa Trout mmoja kuna mamia ambao hawakufika, na saini zao sasa ni za dola chache tu. Kijana wako anapenda wanaocheza sasa. Akichukua chipukizi anaacha kukusanya anachokipenda na kuanza kubahatisha.

Sasa hesabu. Msitumie bei ambayo wauzaji WANAOMBA. Nenda eBay, andika mwaka, seti, mchezaji, namba ya kadi na neno refractor, halafu washa kichujio cha vilivyouzwa. Pale ambapo bei imekatwa mstari, maana yake muuzaji alikubali pungufu. Tovuti ya 130point hukuonyesha kiasi halisi kilicholipwa. Chukua mauzo matano ya karibuni ya kadi ileile, isiyo na gredi, yenye hali sawa. Tuseme mnapata dola 55, 58, 60, 62 na 95. Usigawanye kwa tano, maana ile 95 itakupeleka hadi 66. Chukua ya katikati: 60. Ile 95 huenda ilikuwa mnada wa watu wawili walioshindana, au kadi imekaa katikati vizuri kuliko nyingine.

Fanya hivyo kwa kila kadi yake. Zile 12 usizijumlishe kwa bei ya eBay ya moja moja. Kadi ya kawaida ya dola 1 haiuziki kwa dola 1, maana bahasha, stempu na ada ya karibu asilimia 13 vinaila yote. Kadi 12 za namna hiyo zihesabu kama rundo, na rundo lake liangalie kwa mauzo ya rundo. Huo ndio mtego wa zamani kuliko yote kwenye kubadilishana: kadi moja inayouzika kwa kadi nyingi zisizouzika. Anayetoa nyingi ili apate moja ndiye anayepaswa kuongeza juu, mimi husema angalau asilimia 15 hadi 20, kwa sababu kazi ya kuziuza anakuachia wewe.

mkusanyaji_ATL

Nakubaliana na BintiPwani isipokuwa kitu kimoja. Skenes ni mrushaji. Alishinda tuzo ya ruki bora wa National League (moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu) 2024 na Cy Young, tuzo ya mrushaji bora, 2025, hakuna wa kubisha ubora wake. Lakini kadi za warushaji zina hatari ya kiwiko. Upasuaji wa kano ya kiwiko humweka mrushaji nje kwa miezi 12 hadi 18, na soko haliwezi kusubiri kimya muda wote huo. Ohtani alifanyiwa upasuaji wa kiwiko 2018 na tena 2023, lakini yeye aliendelea kupiga akiwa harushi, ndiyo maana kadi zake zilibaki na wanunuzi. Mrushaji wa kawaida hana mlango wa pili.

Simshauri kijana auze. Nasema tu, kama atakubali kubadilisha Skenes, abadilishe kwa mpigaji wa kiwango hicho, kadi moja kwa moja au mbili. Gunnar Henderson ya ruki ya 2023 au Bobby Witt Jr. ya 2022, katika rifrakta, hizo ni mazungumzo ya maana. Na wakati pia una uzito: Novemba hadi Januari wanunuzi wamehamia mpira wa vikapu na futiboli ya Marekani, bei za besiboli hulala. Kuanzia mazoezi ya Februari, Topps Series 1 inapotoka, huamka. Kwa hiyo anayenunua kadi majira ya baridi ndiye mwenye nafasi nzuri.

fundi_kadi

Mkuu, hoja ya mrushaji ni ya kweli. Ila Skenes ana kitu cha peke yake. Kadi yake yenye kiraka cha jezi ya mechi ya kwanza, iliyokuwa moja tu ndani ya seti hiihii ya Chrome Update 2024, ilipatikana na mtoto wa miaka 11 na kuuzwa dola milioni 1.11 Machi 2025. Habari ile ilivuta watu wengi kwenye jina lake. Dada, hiyo siyo kadi ya kijana wako, lakini ndiyo sababu moja watu wanamwandama.

mama_wawili (Ohio)

Asanteni sana. Tumegeuza kadi, neno REFRACTOR lipo chini ya namba. Hakuna namba ya foili. Kijana amefurahi. Tumeangalia mauzo, na ofa ya yule bwana haifiki hata nusu, hasa baada ya kuiondoa ile hesabu ya Soto ya ruki. Sasa amerudi na ofa mpya: Witt ya ruki ya 2022, rifrakta, moja kwa moja. Gredi nayo vipi? Na posta?

mkusanyaji_ATL

Gredi kwanza. PSA, kampuni ya kupima kadi, hutoa alama 1 hadi 10, na kwa kadi mpya pesa iko kwenye 10. Kadi ikipata 9 mara nyingi huuzwa karibu na bei ya isiyo na gredi, maana yake ada na posta ya kwenda na kurudi vimekwenda bure. Kwa hiyo swali ni moja: ina nafasi ya 10?

Pima kingo. Chukua rula ya milimita, pima ukingo wa kushoto na wa kulia, kisha juu na chini. Kushoto milimita 2.2 na kulia 1.8 ni 55 kwa 45, bado iko sawa. Kushoto 2.6 na kulia 1.4 ni 65 kwa 35, iacheni nyumbani. Kama picha imejaa hadi ukingoni, tumia fremu ya ndani au nembo kulinganisha. Halafu taa ya simu kwa pembeni, karibu na usawa wa kadi: Chrome hupata mistari myembamba ya kiwandani inayokatiza uso kama unywele, haionekani ukiitazama moja kwa moja. Mstari mmoja hivyo, 10 imeondoka. Mwisho pembe nne za nyuma, hasa palipo na rangi nzito. Doa jeupe la ukubwa wa chembe ya chumvi linatosha kushusha.

Msiifute kwa kitambaa chenye maji wala kemikali. Vumbi lipulizwe tu.

BintiPwani

Posta naichukua mimi, hapa ndipo kadi nyingi hufia.

Kwanza kimfuko laini cha plastiki. Pembe za kadi huharibika wakati wa kuingiza, si wakati wa kusafiri: pembe inagonga mshono wa mdomo wa mfuko. Bonyeza kingo za mfuko kwa vidole ufunguke kama mdomo, au kata kipande kidogo cha pembe ya mdomo kwa mkasi, kadi iteleze. Kisha toplouda (kifuko kigumu cha plastiki) ya inchi 3 kwa 4. Kadi ya kawaida huingia kwenye toplouda ya unene wa pointi 35, ambapo pointi moja ni sehemu ya elfu ya inchi. Kadi yenye kipande cha jezi huhitaji toplouda nene, hadi pointi 130. Ukiilazimisha kwenye 35 inapinda.

Mdomo wa toplouda usizibwe kwa selotepu. Gundi yake huyeyuka, na mpokeaji akivuta kwa nguvu kadi inachomoka na kuruka. Tumia utepe wa bluu wa mafundi rangi, ncha ukiikunja ili apate pa kushika. Iingize kwenye kifuko cha kuziba dhidi ya unyevu, halafu kati ya vipande viwili vya kadibodi, mifereji ya kimoja ikienda juu na chini na ya kingine kushoto na kulia, ili bahasha isipinde upande wowote. Tumia bahasha yenye vipovu, kwa USPS Ground Advantage (huduma ya posta ya Marekani), ina namba ya ufuatiliaji na bima ya dola 100 ndani yake. Bahasha nyeupe ya kawaida ni ya kadi za dola chache tu. Toplouda ngumu ndani yake hukwama kwenye mashine za posta.

Na msitume kwanza bila utaratibu. Ombeni picha ya Witt mbele na nyuma, ikiwa na karatasi yenye jina lake la mtandaoni na tarehe ya siku hiyo, na picha ya pembeni kwenye taa. Mwenye rekodi ndogo ya mabadilishano hutuma kwanza, au wote siku moja na kupeana namba za ufuatiliaji kabla ya saa kumi jioni. Akiongeza pesa juu, PayPal ya bidhaa na huduma. Ile ya marafiki na familia haina ulinzi wowote.

fundi_kadi

Ikifika, dada, ipime kwanza. Kadi halisi ni milimita 64 kwa 89. Iweke juu ya kadi nyingine ya seti hiyohiyo, isizidi wala kupungua, maana kuna watu hukata ukingo uliochakaa. Chukua kioo cha kukuza cha mara 10 hadi 30, angalia maandishi meusi ya nyuma. Ya kiwandani ni meusi yaliyojaa, yenye kingo kali, na picha pekee ndiyo huonyesha vidoadoa vya rangi. Kama hata herufi zimetengenezwa kwa vidoadoa, imeskaniwa na kuchapwa upya, irudisheni.

Chrome pia hujikunja kwenye chumba chenye unyevu, kwa sababu karatasi ya nyuma hunyonya maji na foili ya mbele hainyonyi. Unyevu wa asilimia 40 hadi 50 unafaa, na sanduku lisiwe chini ya ardhi. Kama Witt atafika amejikunja kidogo, siyo lazima ni feki. Muweke kwenye toplouda, wima, mahali pakavu, wiki mbili, halafu mpime tena.

mama_wawili (Ohio)

Nimemwomba picha yenye tarehe. Rula imepata kushoto 2.1, kulia 1.9, lakini kijana ameuona mstari mmoja mwembamba juu ya bega la kulia. Basi gredi hatupeleki. Tunasubiri picha za Witt, nitaziweka hapa mzitazame kabla kijana hajajibu lolote.