Naomba ushauri: Land Cruiser pikapu ya zamani kwa kuvuta tela la boti

Ndugu zangu, ninaishi Tanga na ninakusudia kununua Land Cruiser pikapu ya mwaka 2001 yenye injini ya 1HZ, kwa ajili ya kuvuta tela la boti ya uvuvi kati ya hapa na Pangani. Mwenyewe ameitunza vizuri, na injini hiyo ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na turbo ninaipenda kwa sababu mafundi wengi wanaifahamu.

Kinachonitia wasiwasi ni chesisi. Gari limeishi pwani, na nilipoingia uvunguni niliona rangi nyeusi iliyopakwa karibuni juu ya vipele vya kutu, hasa pale springi za nyuma zinaposhikiliwa, mahali ambapo uzito wa tela utaelemea. Je, ni haki kumwomba muuzaji niikwangue rangi hiyo na kugonga kwa nyundo kabla ya kulipa? Vilevile, aliyewahi kuvuta takriban tani 2 kwa injini hii anieleze kama klachi na rejeta vilihimili, na kama mkanda wa taiming, ambao kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 100,000 na ambao muuzaji hana kumbukumbu yake, niubadilishe kabla ya safari ya kwanza.