Jaji mstaafu kuomba urais: ni haki yake, au anaipaka Mahakama matope?

Wakuu, tangu David Maraga, Jaji Mkuu mstaafu wa Kenya, atangaze kuwania urais wa nchi yake 2027, watu wanamshangilia kana kwamba ndiye jaji wa kwanza kuvua joho na kuingia ulingoni. Tumesahau mapema hivyo? Hapa Tanzania, Juni 2015 Jaji Mkuu mstaafu Augustino Ramadhani alichukua fomu ya CCM kuomba kugombea urais.

Namheshimu marehemu, hilo niliseme mapema. Alikuwa brigedia wa jeshi, akawa Jaji Mkuu wa Zanzibar, Jaji wa Rufani, makamu mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, kisha Jaji Mkuu wa Tanzania 2007 hadi 2010. Wachache wana wasifu kama huo.

Kinachonikwaza ni kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, aliyedai haki ya mgombea binafsi, yaani kugombea bila chama. Mahakama Kuu ilishakubali mgombea binafsi. Juni 2010 majaji saba wa Rufani, Ramadhani akiongoza jopo, wakatengua, wakasema hilo ni suala la kisiasa, Bunge ndilo liamue. Mtikila akaenda Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na Juni 2013 akashinda. Miaka miwili baadaye aliyeongoza lile jopo, wakati huo akiwa Rais wa Mahakama hiyo hiyo ya Arusha, anaomba tiketi ya chama, katika nchi ambayo bila chama hugusi Ikulu! Sisemi alipendelea, sina ushahidi na siamini hivyo. Ila mjaribu kumweleza mfuasi wa Mtikila akuelewe.

Ibara ya 113A ya Katiba ya Tanzania inamkataza jaji kujiunga na chama chochote. Inamfunga akiwa kazini tu; akistaafu leo, kesho anakata kadi. Kwenye mchujo wa CCM Dodoma jina lake halikuingia hata tano bora, lakini hilo si hoja.

Mtaniambia mstaafu ni raia kama wengine. Sawa, na mimi sitaki afungiwe maisha. Napendekeza asubiri miaka mitano, ihesabiwe tangu siku aliyotoka kwenye kiti cha mwisho cha ujaji, popote kilipo. Tukihesabu tangu alipotoka Ujaji Mkuu Januari 2021 hadi uchaguzi wa 2027, Maraga anapita. Ramadhani asingepita.

Mnaopinga, nijibuni hili: kesi yako ya uchaguzi ikiamuliwa na jaji, ukashindwa, mwakani ukamwona jukwaani na shati la chama kilichokushinda, utaisoma tena ile hukumu kwa macho yale yale?