Tupeane uzoefu: draiva na kuongeza kasi ya kadi ya grafiki kwenye laptopu

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Kila mara naona mtu anauliza aongeze megahezi ngapi za kasi kwenye kadi yake, anajibiwa namba kavu: weka 150, weka 200. Namba ya mwenzako haikufai. Chipu mbili za modeli moja hazilingani uwezo, na kwenye laptopu kinachoamua mambo ni wati na joto. Kadi ya NVIDIA RTX 3060 ya laptopu, kwa mfano, mtengenezaji anaweza kuipangia wati 60 au kuipandisha hadi 115. Laptopu mbili zenye stika ileile zinapishana kwa mbali kwenye gemu moja, na mwenye ya wati chache anadhani kauziwa mbovu.

Watu wengi hawajui kitelezi cha MSI Afterburner, programu ya kurekebisha kasi ya kadi, kinafanya nini hasa. Ukisogeza kasi ya chipu kwa megahezi 100, hujaiongezea volteji. Umeiambia ikimbie zaidi kwa volteji ileile. Kama ilishagonga kikomo cha wati, utapata sehemu tu ya zile 100. Kama inapunguzwa na joto, hutapata kitu. Kitelezi cha wati chenyewe kwenye laptopu nyingi kimefungwa.

Kwa hiyo kabla ya lolote, fungua GPU-Z, programu inayoonyesha hali ya kadi, ukurasa wa vihisi, cheza gemu kama nusu saa, kisha soma mstari wa PerfCap, unaotaja kinachoizuia kadi. Ikiandika Pwr, umeme ndio unaokubana. Thrm ni joto. VRel maana yake chipu imefika mwisho wa volteji yake, na hapo ndipo kuongeza kasi kunalipa.

Mimi msimamo wangu ni huu: natafuta kasi inayodumu saa nzima bila kushuka. Namba kubwa inayoonekana sekunde tano haina kazi. Karibuni, lete modeli yako na ulichofanya.

Mdau wa Mombasa

Salaam aleikum ndugu zangu. Mie nahariri video za harusi, kwa hiyo nitasema la draiva, ile programu inayoiendesha kadi, la kasi nawaachia vijana.

NVIDIA, wanaotengeneza chipu za kadi hizi, wana matoleo mawili ya draiva, Game Ready na Studio. Game Ready hutoka mara kwa mara, hasa gemu kubwa zinapotoka. Studio haitoki mara nyingi, na hupimwa zaidi na programu za kuhariri video kama Premiere na DaVinci Resolve. Kadi ni ileile na zote mbili zinaendesha gemu. Mie niko Studio, na nikiwa na kazi ya mteja mezani sigusi draiva mpaka nimkabidhi. Upya wa draiva si sababu ya kuibadilisha. Machi 2010 NVIDIA waliiondoa draiva yao 196.75 kwa sababu ilivuruga feni na kadi zikapata moto kupita kiasi. Wale waliosubiri siku chache hawakupata shida.

Namna ninavyobadilisha: kwanza naweka faili la draiva mpya na la ile ya zamani iliyotulia kwenye flashi. Nakata Wi-Fi, maana Windows ikiona kadi haina draiva inajishushia yake kabla hujamaliza. Nawasha kompyuta katika hali salama (Safe Mode), naendesha DDU, programu ya kuondoa draiva, inafuta mabaki yote, kisha nawasha kawaida na kuweka mpya. DDU naitumia pale kuna tatizo au narudi nyuma matoleo mengi. Mabadiliko ya kawaida, lile chaguo la usakinishaji safi ndani ya draiva yenyewe linatosha.

Jambo moja linasahaulika sana. Laptopu nyingi picha inapita kwenye grafiki ya ndani, ya Intel au AMD, ndiyo ifike kwenye skrini. Draiva ya hiyo nayo ina neno. Skrini ikitetema au mwanga ukikataa kurekebishika, anza hapo, na uichukue kwenye ukurasa wa aliyetengeneza laptopu yako.

Fundi, Mwanza

Naungana na mleta mada kwenye joto. Wateja wanakuja wanataka kasi iongezwe, nafungua kifuniko cha chini nakuta kati ya feni na mapezi ya shaba vumbi limeshikana kama kipande cha sufi. Hewa haipiti kabisa. Kipande kinatoka kizima kwa kibano. Ukipuliza, shika panga za feni kwa kidole zisizunguke, vinginevyo unaua beringi. Kisha badilisha pesti ya kupitisha joto iliyokauka kwenye chipu zote mbili, ya prosesa na ya kadi. Laptopu iliyokuwa inagonga nyuzi 90 inashuka vizuri, na kasi inapanda bila kugusa programu yoyote.

La pili ni chaja. Laptopu ya gemu inayotaka wati 180 mtu anaichomeka chaja ya wati 90 kwa sababu pini inaingia. Kompyuta inawaka, betri inachaji, ila ukifungua gemu kadi inajishusha. Dalili ni betri kupungua huku chaja imechomekwa. Soma maandishi mgongoni mwa chaja: zidisha volti kwa ampea, upate wati. Volti 19.5 mara ampea 9.23 ni wati 180. Wale mnaonunua laptopu zilizotumika, kagueni chaja kwanza, halafu ndiyo mwangalie kadi.

Mwanafunzi, Nairobi

Niko na GTX 1050, laptopu ya kitambo. Je, niweke draiva mpya kabisa? Na inaweza kuongezwa kasi?

Mleta mada, Dar es Salaam

Ndugu yangu, kadi za familia ya Maxwell na Pascal, yaani GTX 900 na GTX 1000, NVIDIA wamezifikisha mwisho kwenye tawi la draiva la 580. Baada ya Oktoba 2025 zinapata marekebisho ya usalama tu, mpaka Oktoba 2028. Baki kwenye 580, usihangaike na zaidi. Kuongeza kasi inawezekana. Wakongwe wanakumbuka mwanzoni mwa 2015 NVIDIA waliwahi kuzuia jambo hili kwenye GTX 900M kupitia draiva, watu wakapiga kelele, likarudishwa mwezi uliofuata.

Panda kwa megahezi 25 kwenye chipu, kila hatua ipimwe. Ukiona vidoti au pembetatu za ajabu kwenye picha, au skrini imezima sekunde kadhaa ikarudi, umevuka. Windows huipa kadi sekunde 2 ijibu. Isipojibu inaizima draiva na kuiwasha upya, na kwenye Event Viewer, daftari la matukio la Windows, inaacha kumbukumbu namba 4101. Rudi nyuma hatua mbili, si moja.

Memori ina mtego wake. Aina za GDDR5 na GDDR6 zinagundua makosa na kurudia kutuma data, kwa hiyo ukizidisha huenda usione kasoro yoyote kwenye picha, ila alama za jaribio zinashuka. Andika alama za kila hatua. Zikiacha kupanda, simama.

Kupima natumia Superposition, programu ya jaribio inayotoa alama, halafu gemu lenyewe kwa muda mrefu. FurMark, jaribio jingine, kwenye laptopu siishauri, ni kuchemsha kadi kwa mzigo ambao hakuna gemu linaloutoa. Na usiweke Afterburner itekeleze mipangilio kompyuta inapowaka mpaka uwe umeitumia siku kadhaa bila tatizo.

Mdau wa Muscat

Huku kiangazi nje ni zaidi ya nyuzi 40, na umeme wa kiyoyozi ni pesa. Mimi nimefanya kinyume, nimepunguza volteji kwenye RTX 3060.

Kwenye Afterburner bonyeza Ctrl na F, unafunguka mchoro wa volteji na kasi. Chagua nukta ya volteji unayotaka iwe kikomo, ipandishe hadi kasi unayotaka, kisha zote zilizo kulia kwake zishushwe zisiivuke. Yangu imetulia kwenye megahezi 1,700 kwa milivolti 800. Yako anza na volteji ya juu zaidi, ushuke taratibu. Joto limepungua kama nyuzi 8, kasi haitikisiki tena, na feni hainisumbui nikicheza usiku watoto wamelala.

Mdau wa Kigali

Sisi wa Linux: draiva ya NVIDIA kwenye Ubuntu ikikataa kupanda baada ya kusakinisha, angalia kama Secure Boot, ulinzi wa kompyuta inapowaka, imewashwa na ufunguo wa draiva haukusajiliwa ulipowasha upya. Mchoro wa volteji hatuna, lakini kadi za RTX zinakubali kufungiwa kasi kwa amri ya nvidia-smi -lgc, na hiyo peke yake inapunguza joto.

Mwanafunzi, Nairobi

Asanteni sana. Nimesafisha na kuongeza 100 kwenye chipu, iko sawa. Lakini kwenye gemu zenye watu wengi bado inashuka ghafla.

Fundi, Mwanza

Hapo mtazame prosesa. Kwenye laptopu nyingi prosesa na kadi zinatumia mabomba yaleyale ya kupoza, mmoja akichemka anamchemsha mwenzake. Ingia mipangilio ya umeme ya Windows, kiwango cha juu cha prosesa weka asilimia 99. Kwenye prosesa nyingi za Intel hiyo inazima Turbo, ile kasi ya ziada. Cheza, linganisha, na kama gemu lenyewe linategemea prosesa zaidi, rudisha 100.

Mleta mada, Dar es Salaam

Mnaokuja na matokeo, wekeni modeli ya laptopu, wati za kadi, wati za chaja, toleo la draiva, na kama mmepima chumba kikiwa na feni au kiyoyozi. Bila hivyo hatuwezi kulinganisha. Wenye kadi za AMD hatujawasikia bado, tunawasubiri.