Mrejesho: wadudu weupe kwenye mpapai na mstafeli

Ndugu zangu, niliomba ushauri kuhusu wadudu weupe wanaofanana na pamba waliouvamia mpapai na mstafeli wa bustanini kwangu, Tanga, nami nikaelekezwa kutumia mwarobaini. Leo naleta matokeo.

Nilisaga mbegu kavu zilizomenywa, nikaloweka gramu 50 kwa kila lita ya maji usiku kucha, nikachuja kwa kitambaa na kuongeza kijiko kidogo cha sabuni ya maji, kwa kuwa miili ya wadudu hao imefunikwa nta inayozuia dawa kushika. Nilinyunyiza jioni, hasa chini ya majani, maana jua kali huharibu nguvu ya mwarobaini haraka. Asitarajie mtu kuona wadudu wakidondoka siku hiyohiyo. Dawa hii huwapunguzia ulaji na kuwazuia wachanga kujivua ngozi ili wakue, kwa hiyo wale wakubwa walibaki kwa muda.

Lakini kilicholeta tofauti kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwadhibiti sisimizi, ambao hulamba utamu unaotolewa na wadudu hao na kuwafukuza maadui wao wa asili. Nilizungushia shina kitambaa kilichopakwa grisi, nikakata matawi yaliyogusa ukuta. Mpapai sasa unatoa majani safi, na masizi meusi, yaani ukungu unaoota juu ya utamu huo, yamekoma kuenea. Mstafeli bado una vikundi vichache vya wadudu weupe penye maungio ya matawi, ambavyo ninavisugua kwa mswaki wa zamani.